Kesi ya Kibanja: Tamthilia za Makabaila wa Uingereza Zikitazamwa Kutoka Muleba

Wasomi wetu wana jibu la haraka kwa Mtanzania anayependa tamthilia za makabaila wa Uingereza: ni kasumba. Mtu aliyetawaliwa, wanasema, anaketi jioni kuwastaajabia waliomtawala. Ninaipinga hukumu hiyo. Mtazamaji wa Buhaya, nchi ya Wahaya, hasa mwanamke wa Muleba, anazifurahia tamthilia hizi kwa sababu anaijua kesi iliyomo ndani yake. Na kwa kuwa anaijua, anaona pia mahali ambapo tamthilia yenyewe inaikwepa.

Katika Pride and Prejudice ya BBC, iliyoandikwa na Andrew Davies kutokana na riwaya ya Jane Austen na kurushwa mwaka 1995 kwa sehemu sita, Bwana Bennet ana mabinti watano na hana mtoto wa kiume. Nyumba na ardhi ya Longbourn vimefungwa na hati inayovipeleka kwa mwanamume aliye karibu katika ukoo. Siku baba akifumba macho, vitakuwa vya Collins, ndugu ambaye mabinti hawajawahi hata kumwona. Downton Abbey, iliyorushwa na ITV ya Uingereza kuanzia 2010 hadi 2015, inaanza Aprili 1912 kwa habari kwamba Titanic imezama na warithi wawili wamezama nayo. Mabinti watatu wa Lord Grantham wapo hai, lakini jumba, mashamba na hata fedha alizokuja nazo mama yao kutoka Marekani vinamwendea mwanasheria wa Manchester, ndugu wa mbali. Ondoa magauni na farasi, kinachobaki ni kesi ya kibanja, shamba la ukoo.

Niliitazama ile ya Austen huko Buganguzi, Muleba, sebuleni, pamoja na wanawake wa rika la mama yangu na bibi yangu, nikiwatafsiria. Swali la kwanza halikuhusu mapenzi. “Hawana kaka hao?” La pili: “Ukoo umeshakaa?” Collins alipoingia Longbourn na kuanza kusifia ukumbi, kisha meza, kisha samani moja baada ya nyingine, bibi aliyekuwa akichambua maharage alisema bila kuinua kichwa, “Huyo anakagua mipaka.” Sijasoma uhakiki wa onyesho hilo uliofika mahali pake kwa haraka namna hiyo.

Bibi alikuwa na pa kusimamia. Kibanja cha Wahaya ni migomba, mibuni na makaburi ya waliokitunza. Hupokezwa omusika, mrithi mkuu, na ndugu zake wa kiume hupata mafungu yao. Binti ataolewa kwingine, na ukoo unahofia kwamba ardhi itamfuata huko. Mantiki hiyo haiko mbali na ya Longbourn: ardhi ni ya jina, na wenye kulirithisha jina ni wanaume. Hans Cory na Hartnoll waliziandika mila za Wahaya katika kitabu cha 1945, na tangazo la serikali la mwaka 1963 kuhusu sheria za mila likaweka kanuni ya namna hiyo katika maandishi ya dola: mwanamke aweza kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote, lakini hawezi kuiuza.

Agosti 1988 mwanamke wa wilaya hiyohiyo ya Muleba, Holaria Pastory, aliiuza. Baba yake alikuwa amemwachia shamba kwa wosia halali, naye akamuuzia mtu asiye wa ukoo kwa shilingi 300,000. Mtoto wa kaka yake, Bernardo Ephrahim, alifungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akashinda. Mahakama ya Wilaya ikatengua. Rufaa ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba kanuni inayomzuia mwanamke kuuza ardhi aliyorithi, huku mwanamume akiruhusiwa, inakwenda kinyume na Katiba inayokataza ubaguzi.

Hapo ndipo tofauti inapojitokeza. Tamthilia ya Kiingereza inaanza na sheria dhalimu na kumaliza na harusi. Elizabeth Bennet anaolewa na Darcy, mwenye ardhi kubwa kuliko ya baba yake. Lady Mary, binti wa Lord Grantham, anaolewa na yuleyule mwanasheria wa Manchester, na mali inarudi mikononi mwa familia kupitia kitanda cha ndoa. Tunafurahi, nami nafurahi kweli, lakini hati ya Longbourn haijaguswa. Mtazamaji anayeikumbuka Kashasha anajua kwamba kulikuwa na mlango mwingine: kuishitaki sheria yenyewe.

Wako waliopita mlango wa tatu. Luise White, katika kitabu chake cha 1990 kuhusu Nairobi ya kikoloni, anaeleza wanawake wa Kihaya waliokwenda huko miaka ya 1930, bei ya kahawa ilipokuwa imeanguka, wakaishi kwa kuuza miili na kutuma fedha nyumbani. Wengine walirudi wakanunua ardhi. Kibanja cha kununua si cha ukoo, kwa hiyo mwenyewe aliweza kumwachia amtakaye. Walitukanwa sana, na wengi bado wanatukanwa makaburini. Charlotte Lucas, anayekubali kuolewa na Collins ili apate paa juu ya kichwa, angewaelewa.

Kuna jambo la pili ambalo tamthilia hizi hazilisemi. Downton Abbey inafungwa usiku wa kuamkia 1926. Siku iliyofuata, Januari 1, sheria mpya za mali zilianza kazi Uingereza na kuondoa kanuni ya mtoto wa kwanza wa kiume kuchukua ardhi yote pale mwenye mali anapokufa bila wosia. Mwaka huohuo Gavana Donald Cameron alipitisha Tanganyika sheria ya mamlaka za wenyeji, na watawala wa jadi, abakama wa Buhaya wakiwemo, wakawa nguzo za utawala wa Mwingereza. Ukabaila uliokuwa ukilegezwa kwao ulikazwa kwetu. Nyarubanja iliendelea: Mukama alimpa mtu wake eneo lenye watu ndani, na familia zilizokuwa zikilima bibanja vyao zikageuka wapangaji wa kulipa kodi kwa bwana. Nafasi za machifu zilifutwa 1963, na sheria ya kuwakomboa wapangaji wa nyarubanja ikatungwa 1965.

Kwa hiyo Buganguzi, jumba la Downton lilipojaa skrini nzima, swali lilikuwa: “Na wanaolima wako wapi?” Watumishi wa jikoni tunawaona sana, na ni wahusika waliochorwa kwa upendo. Wakulima wapangaji, ambao kodi yao ndiyo inayopaka rangi dari zile, hupita kwa nadra. Kasumba haiulizi swali hilo.

Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ilitoa uamuzi kuhusu wajane wawili wa Shinyanga walionyimwa mali za waume zao kwa sheria za mila za mwaka uleule wa 1963. Miaka 25 baada ya hukumu ya Mwanza, tangazo lile lilikuwa bado linafanya kazi.