Lenzi, Geti na Malori ya Clairwood

Clairwood iko kusini mwa Durban, karibu na bandari. Ukipita huko leo utaona nyumba ya mtu imebanwa kati ya yadi mbili za malori, na juu ya kila ukuta kuna kamera. Katika toleo hili tumeamua kuandika historia ya kile kijicho cha ukutani (si kile cha wivu), kwa sababu wengi wetu tumelelewa na mishahara ya ulinzi. Wazazi wetu walitoka Bukavu, Kigoma, Bujumbura na Mombasa, na kazi ya kwanza waliyoipata wengi wao hapa Durban ni kulinda magari ya watu au kukaa getini. Mlinzi, askari, au soja kama wanavyosema Nairobi: jina ni lako, usiku ni ule ule.

Tuanze na mtaa wenyewe. Wahindi walianza kuletwa Natal mwaka 1860 kufanya kazi ya mkataba kwenye mashamba ya miwa. Mikataba ilipokwisha, baadhi yao walihamia Clairwood wakalima mboga za kuuza mjini, wakajenga nyumba, hekalu na shule. Upande wa pili, kuelekea bahari, ni Bluff. Huko King's Rest waliishi watu wanaoitwa Wazanzibari hadi leo. Walikuwa watumwa waliokombolewa baharini na manowari za Waingereza na kushushwa Durban kuanzia mwaka 1873. Wengi walikuwa Wamakua wa Msumbiji, si wenyeji wa Unguja. Sheria ya Group Areas ya mwaka 1950 iliwakuta maofisa hawajui wawaweke kundi gani. Waliwabadilishia jina la kundi zaidi ya mara moja, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakawahamishia Chatsworth. Clairwood nayo ilitakiwa iwe eneo la viwanda. Wakazi waligoma kuondoka, na wengine bado wapo, ila makontena yamewazunguka. Hata uwanja wa mbio za farasi umegeuzwa kuwa maghala.

Sasa kamera. Neno lenyewe ni la Kilatini, maana yake chumba. Ibn al-Haytham, karne ya 11, alichunguza jinsi mwanga unavyopita kwenye tundu dogo na kuchora picha ndani ya chumba chenye giza. Kamera ya ulinzi ni chumba hicho hicho kilichopunguzwa. Mwaka 1942 Wajerumani walitumia televisheni ya waya, iliyotengenezwa na Walter Bruch, kutazama roketi za V-2 zikirushwa bila mtu kusogea karibu. Lakini anayetuvutia zaidi ni Marie Van Brittan Brown, muuguzi Mmarekani mweusi wa Queens, New York. Mwaka 1966 yeye na mumewe waliomba hataza ya mfumo wa ulinzi wa nyumbani, wakaipata mwaka 1969. Mlango ulikuwa na matundu manne kwa urefu tofauti, na kamera ikipanda na kushuka nyuma yake kumtafuta mgeni, mrefu au mfupi. Mgeni alisimama karibu kabisa, kwa hiyo uso ulionekana.

Geti la Clairwood si mlango wa Queens. Lori lina urefu wa mita kumi na kitu na kamera iko juu ya paa, na hapo ndipo urefu wa fokasi unapoingia. Huo ni umbali kati ya lenzi na mahali inapokusanya picha ya kitu kilicho mbali, nao huandikwa kwa milimita. Ukiwa mfupi, kamera huona eneo pana lakini kila kitu ni kidogo. Ukiwa mrefu, huona eneo jembamba na vitu huwa vikubwa.

Tupige hesabu. Tuseme kihisi ndani ya kamera kina upana wa milimita 4.8 na nukta 1920 kwa upana huo. Zidisha 4.8 kwa umbali, gawanya kwa urefu wa fokasi. Geti likiwa mita 15, lenzi ya milimita 2.8, ambayo ndiyo huja na kamera nyingi za bei nafuu, inaona upana wa karibu mita 26. Kila mita inapata nukta kama 75, na uso wa mtu wenye upana wa sentimita 16 unapata nukta 12. Lenzi ya milimita 12 inaona mita 6 tu, lakini kila mita ina nukta 320 na uso una zaidi ya 50. Kiwango cha Ulaya, EN 62676-4, katika toleo lake la 2015, kilitaka nukta 250 kwa mita ili kumtambua mtu usiyemjua. Kujua tu kwamba kuna mtu, 25 zilitosha.

Nukta 12 ni kofia na kivuli. Kwetu hilo si jambo dogo. Aprili 2015 wageni walishambuliwa Isipingo, kusini kidogo ya Clairwood, na sehemu nyingine za Durban. Julai 2021 maghala ya mji huu yaliporwa, watu zaidi ya 350 wakafa Afrika Kusini katika ghasia zile, na picha zikazunguka kwenye simu huku watu wakinyooshewa vidole. Picha ya nukta 12 inafanana na yeyote, na anayetajwa kwanza mara nyingi ni yule mwenye lafudhi, pengine mlinzi mwenyewe aliyekuwa zamu.

Kwa hiyo mwenye yadi akimuuliza baba yako kamera ipi inunuliwe, mwambie apime kwanza kwa futi kamba kutoka ukutani hadi getini. Ya milimita 2.8 itazame uwanja mzima. Ya pili, ya milimita 12 au ile ya kubadilika kati ya 2.8 na 12, itazame mahali dereva anaposhuka kusaini, nayo ishushwe karibu na kimo cha mtu, kwa maana kutoka juu ya paa hata lenzi ndefu huishia kupiga picha ya utosi.