Fundo la Muhugu

Nyumba ya babu pale Kibuyuni ilipobomolewa, makuti yaligeuka kuni na fito zilikuwa zimeshaliwa na mchwa zamani. Nguzo moja tu ilitoka ardhini ikiwa nzima kama siku iliyochimbiwa. Ilikuwa ya muhugu. Nikakata kipande cha chini, penye fundo kubwa, nikampelekea mjomba anikerezee bakuli la urembo.

Alikigeuza mara mbili, akacheka. "Mpwa wangu, hii ni kuni. Fundi mwenye akili hukimbia fundo."

Nikamwambia ni nguzo ya babake. Akanyamaza kidogo, kisha akaanza kunoa bobari.

Nikingoja, nikawaza kuhusu neno lenyewe. Vijana wengi wa Pwani tunajua kuchonga, na kukereza tumekusahau. Kuchonga ni wewe, tezo na mti uliotulia. Kukereza ni kuuzungusha mti na kuufuata kwa chuma. Karne ya 19, mafundi wa Lamu na Siyu walikuwa wakikereza matendegu ya vitanda kwa kerezo la upinde: kamba inazungushwa kwenye mti, upinde unavutwa mbele na nyuma, na chuma hukata mti unapozunguka upande mmoja tu. Ukirudi, unasubiri. Rangi nayo haikupakwa kwa brashi. Kijiti cha lakiri kilikandamizwa kwenye tendegu linalozunguka, joto la msuguano likakiyeyusha, ukapata mistari myekundu na myeusi. Maarifa hayo yalikuwa na jamaa zake upande wa pili wa bahari, India, kama mambo mengi ya Pwani.

Sasa nenda Diani. Vibanda vya barabarani vimejaa twiga, vinyago na bakuli, na mgeni anaambiwa hii ni sanaa ya tangu enzi na enzi. Ukweli ni kwamba biashara ile ina umri wa miaka mia na kitu hivi. Mutisya Munge, Mkamba wa Wamunyu, alipelekwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza kwa Wazaramo kuchonga mpingo, akarudi kwao na ujuzi huo. Ukaenea kijiji kizima, halafu ukashuka Mombasa kufuata watalii. Mwaka 1963 wachongaji wakaanzisha ushirika wao Changamwe. Siwadharau hata kidogo. Walijenga ajira kutoka kwa kitu walichokiona vitani, na hiyo ni historia kubwa kuliko ule uongo wa "tangu enzi".

Tatizo ni miti. Mpingo ni mzito hata unazama majini, na hukua polepole mno. Ulipoadimika karibu na barabara, macho yakahamia kwa muhugu. Nao hauna haraka: unaweza kuusubiri maisha yako yote usione shina la kujivunia, na mara nyingi shina lenyewe lina tundu katikati. Wazee waliupenda kwa nguzo kwa sababu mchwa hauuwezi. Wachongaji wakaupenda kwa ugumu na harufu yake. Kila mtu alikuwa na sababu nzuri, na msitu ukalipa. Baadaye wachongaji wengi walihamia mwarobaini, ambao unaota hata nyuma ya choo. Februari 2018 serikali ikapiga marufuku ukataji miti katika misitu ya umma. Mwaka 2023 Rais Ruto akatangaza kuiondoa. Kule kwenye makaya, kama Kaya Kinondo hapa Diani, sheria ya wazee ilikuwepo kabla ya gazeti lolote la serikali. Mwaka 2008 UNESCO ikaingiza makaya ya Wamijikenda kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Kwa hiyo fundo langu halikuwa na mbadala. Likiharibika, siwezi kwenda msituni kutafuta lingine, na sitaki kuwa mtu wa kwenda.

Kerezo la mjomba linaendeshwa na mota ya pampu ya zamani. Nje ya bakuli alikata kutoka kitako kwenda mdomoni, ndani kutoka mdomoni kwenda katikati, ili nyuzi zishikiliwe na zile zilizo chini yake. Kwenye mti ulionyooka hiyo inatosha. Kwenye fundo, nyuzi huelekea kila upande, kwa hiyo unakata kidogo, unazima, unagusa kwa kidole, unanoa tena. Nikamwambia aongeze kasi.

"Hili likichomoka linakupasua uso," akasema. "Rudi nyuma."

Na kweli lilichomoka, kipande cha ukubwa wa kokwa ya embe, kikagonga bati la ukuta. Moyo wangu ukaanguka. Mjomba akazima mota na kutazama shimo lililobaki kando ya mdomo wa bakuli. Nilidhani atatupa. Akasema tu, "Hapo ndipo tawi lilikuwa," akawasha tena.

Tulipiga msasa mpaka magharibi, tukapaka nta ya nyuki. Michirizi ikatokea, ya kahawia na manjano, ikizunguka lile shimo kama maji yanavyozunguka mwamba.

Duka moja la Diani lilinipa bei nzuri, kwa sharti niseme ni kazi ya jadi ya kale. Ningeweza kusema ni nguzo ya nyumba, iliyokerezwa wiki jana kwa mota ya pampu. Mwenye duka akasema hiyo haiuzi.

Nikampelekea mama. Hakuuliza ni nini. Alilinusa kwanza, akakaa kitini, akasema, "Chumba cha baba." Sasa lina ndimu, na ndimu ndogo hudondoka kupitia lile shimo. Hakuna anayelalamika.