Kuamua na Kusuluhisha

Watu wawili wakipigana njiani, mpita njia huwaamua: humshika huyu, humzuia yule, wakaachana. Kadhi naye huamua, yaani hukata hukumu. Lakini kusuluhisha ni kazi nyingine. Suluhu, neno tulilolipata kwa Waarabu, ni mapatano. Na msuluhishi huwafanya wagomvi wenyewe wapatane, kila mmoja akiacha sehemu ya madai yake.

Tofauti hiyo sisi Wakenya tulifunzwa kwa machozi. Baada ya uchaguzi wa tarehe 27 Desemba, 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa. Askari walitumwa, lakini amani haikurudi. Ndipo Januari 2008 wakaja Kofi Annan, Benjamin Mkapa na Graça Machel. Hawakuhukumu nani ameshinda. Waliketi na pande zote mbili, hata tarehe 28 Februari Mwai Kibaki na Raila Odinga wakatia sahihi mapatano. Kibaki alibaki Rais. Raila akawa Waziri Mkuu. Hapana aliyepata yote.

Basi, msomaji, ukiwakuta wenzako wakigombana, waamue kwanza. Lakini usiondoke hapo. Walioamuliwa tu huweza kurudiana kesho.