Masharti ya Millamant na Sanduku Jeusi: Ndoa Katika Tamthilia ya William Congreve

Mwezi wa Machi 1700, katika jumba la michezo la Lincoln's Inn Fields, London, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tamthilia ya Congreve iitwayo The Way of the World. Anne Bracegirdle aliigiza Millamant, mwanamwali tajiri ambaye, kabla ya kuikubali posa ya Mirabell, anamtolea masharti: alale asubuhi kadiri apendavyo, aandikiane barua na amtakaye bila ya kuhojiwa, na mume abishe hodi kabla ya kuingia chumbani mwake. Mirabell naye ana yake: mke asiwe na shoga wa siri, asivae barakoa, na akishika mimba asijikaze tumbo kwa mikanda. (Harusi bado, na bwana huyu amekwisha kujipa mamlaka juu ya tumbo la mkewe!)

Kuna wanaoyasoma majadiliano haya kama mfano wa usawa. Sisi tunalitilia shaka jambo hilo. Kwa sheria ya kawaida ya Uingereza ya wakati ule, utu wa kisheria wa mke ulimezwa na ule wa mumewe. Fedha zake zikawa za mume, na ardhi yake ikasimamiwa na mume. Ahadi za Mirabell zilitegemea hisani yake tu.

Tamthilia yenyewe yaelekea kulijua hilo, kwani kinachomwokoa mwanamke ndani yake ni hati. Bi Fainall, alipokuwa mjane, aliikabidhi ardhi yake yote kwa mdhamini kabla ya kuolewa tena. Mumewe anapotaka kumnyang'anya, sanduku jeusi linafunguliwa, na hati ile, yenye tarehe ya zamani kuliko ya kwake, inamkata kauli. Mahakama ya Chansela ilizitambua amana za namna hiyo, ingawa zilikuwa kimbilio la wenye mali.

Na mdhamini ni nani? Ni Mirabell huyo huyo, aliyekuwa hawara wa mjane huyo, na aliyemsukuma aolewe na Fainall walipohofu kwamba ameshika mimba. Usalama wake wote umo mikononi mwa mwanamume aliyemtia mashakani. Mwaka 1882, yaani miaka 182 baadaye, ndipo Bunge lilipompa mke wa Kiingereza haki ya kumiliki mali kwa jina lake mwenyewe, bila ya mdhamini.