Kabla ya kulipia nyumba ya zamani, panda ukaone paa

Miaka michache iliyopita mimi na ndugu zangu tulichanga pesa tukanunua nyumba Mji wa Kale, Mombasa, mama yetu apate kukaa karibu na msikiti na jamaa zake. Ilikuwa Januari, kaskazi inavuma na jua limekaza. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya na kupigwa silingi ya jipsamu nyeupe pe! Tulikagua hati, vyumba na maji. Paa hatukulipanda.

Masika yalipoingia, maji yalimwagika juu ya kitanda cha mama. Fundi alipobomoa silingi tulikuta boriti nne zimeoza, zimeegemezwa vipande vya mbao. Mama alihamia kwa dada yangu miezi mitano, na pesa za matengenezo tulizikopa. Naandika haya kwa sababu nyumba hizi bado zinauzwa, na wanunuzi bado wanaziangalia wakati wa jua.

Dari ya boriti na chokaa

Nyumba nyingi kongwe za Mombasa na Lamu zina dari ya boriti za mkoko, juu yake mawe ya matumbawe, kisha chokaa. Boriti inayoonekana katikati ya chumba hupigwa na hewa, haiozi upesi. Kinachooza ni ncha iliyozama ukutani, kwani maji ya paa hushuka ndani ya ukuta na kukaa pale.

Kwa hivyo beba ngazi na bisibisi. Dunga kila boriti pale inapoingia ukutani. Ikizama kwa urahisi, mti umeoza. Gonga pia: mti mzima hutoa sauti kavu, ulioliwa ndani husikika mtupu. Unga laini sakafuni chini ya boriti ni alama ya dumuzi, na vijia vya udongo ukutani ni vya mchwa. Kisha vuta kamba kutoka ukuta hadi ukuta chini ya boriti, uone kama dari imebonyea.

Ukifika juu, tazama mambo matatu. Kwanza, kama chokaa imefunikwa kwa simiti. Simiti ni ngumu, hupasuka jua likiipiga, maji yakaingia kwenye nyufa na yasipate pa kutokea. Pili, fuata mlizamu hadi mwisho wake, huenda jirani amejenga ukuta akauziba. Tatu, tangi la maji. Lita 1,000 ni uzito wa tani moja, na waliopanga boriti zile hawakuwaza tangi.

Mabati

Ingia chini ya bati mchana, zima taa, funga madirisha. Kila kitobo kitaonyesha mwanga. Hewa ya bahari huanza na misumari na pale bati mbili zinapolaliana, kwa hivyo angalia hapo kwanza. Rangi mpya isikudanganye, kwaruza kidogo kwa ufunguo uone kutu. Kumbuka kuwa bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Halafu kagua mbao, hasa zinapokalia ukuta. Bati hubadilishwa kwa siku moja, lakini kenchi iliyooza ni kazi nyingine kabisa.

Slabu ya zege

Alama za rangi ya kutu chini ya slabu, au vipande vya zege vinavyomeguka, maana yake vyuma vya ndani vinaliwa na chumvi. Chuma kikishika kutu huvimba na kuipasua zege. Kupiga plasta juu yake ni kuficha tu. Hapa muite mhandisi.

Asbesto

Baadhi ya nyumba za zamani, hasa zilizokuwa za wafanyakazi, zina paa la asbesto: vigae vya kijivu vyenye mawimbi, vizito kuliko bati. Usivikanyage, usivitoboe, usivivunje. Vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Kuviondoa ni kazi ya waliopewa leseni, na gharama hiyo itoke kwenye bei ya nyumba.

Waulize wanaoishi humo

Ukiweza, rudi siku ya mvua. Ukishindwa, mwaga ndoo kadhaa karibu na mlizamu na penye viungo, usubiri saa moja, kisha ushuke uangalie chini. Zaidi ya yote, waulize wapangaji swali moja: "Mvua ikinyesha, ndoo munaiweka wapi?" Mwenye nyumba anaweza kusema havuji hata tone, lakini mpangaji atakuonyesha mahali.

Kabla ya kutia sahihi

Nenda na fundi wako mwenyewe, si wa muuzaji wala wa dalali. Silingi ikiwa mpya, omba ifunguliwe pembeni muone juu yake. Akikataa, hilo nalo ni jibu. Gharama ya matengenezo iandikwe na ipunguzwe kwenye bei kabla hujatoa arbuni.

Mji wa Kale unahifadhiwa kisheria, kwa hivyo ulizia kibali Makumbusho ya Taifa na serikali ya kaunti kabla ya kubadilisha dari. Na ukinunua nyumba tupu bila ardhi, kama ilivyo sehemu nyingi za Mombasa, mtake mwenye ardhi aseme kwa maandishi kuwa ataruhusu paa litengenezwe.

Mama amerudi nyumbani kwake. Kila mwaka, kabla ya masika, mimi hupanda na bisibisi yangu nikazidunga zile boriti moja moja. Ni kazi ya nusu saa. Lau ningeifanya ile Januari, deni lile tusingelibeba.