Nani Aliyesukuma Gari? Somo Kutoka Picha za Magari ya Kwanza



Katika mkutano wetu uliopita, tulipokuwa tukipanga kabati la zamani la maktaba, tuliiokota picha ya lori la shule. Wanafunzi wamejaa nyuma na sare zao, na Mwalimu Mkuu amesimama mbele, mkono juu ya boneti. Nyuma ya picha pameandikwa mwaka na jina lake. Kwenye usukani, nusu ya uso wake ikiwa kivulini, ameketi dereva. Sote tuliokuwapo tuliutambua uso huo, lakini hakuna aliyeweza kulitaja jina lake. Ndiye aliyetupeleka mashindanoni, na ndiye aliyeamshwa usiku wa manane mtu alipozidiwa na malaria. Sisi tulimwita "Dereva", basi.

Mimi ni mtumishi wa Serikali, na kazi yangu ni mafaili. Ofisini jambo lisiloandikwa huhesabiwa kuwa halikutendeka. Ndiyo maana picha ile ilinikumbusha somo nililolipenda nilipokuwa Chuo Kikuu, yaani jinsi ya kuisoma picha ya kale, nikaonelea nilieleze kwa kutumia picha za magari ya mwanzo.

Carl Benz wa Ujerumani alipata hataza ya gari lake la magurudumu matatu mwaka 1886. Postikadi rasmi ya kwanza ilitolewa na serikali ya Austria mwaka 1869, lakini zile zenye picha zilishamiri hasa kuanzia miaka ya mwisho ya karne ya 19 hadi vita vya 1914. Hivyo gari na postikadi vilikua pamoja kama watoto wa nyumba moja. Gari lilikuwa kioja, na kioja huuza kadi. Wachoraji walipenda kuonyesha tajiri aliyekwama njiani, na mkulima akija taratibu na farasi wake kumkokota. Waliocheka ni wale wasiokuwa na gari, nao ndio waliokuwa wengi.

Hata hivyo, hao hao walilitamani. Wapiga picha wa miji ya pwani ya Uingereza waliweka studioni gari la mbao au la kuchorwa. Mteja aliketi, akashika usukani, akapigwa picha, akaituma kwa jamaa zake kwa posta. Mtafiti asiyekuwa mwangalifu akizikuta kadi hizo atadhani kila karani wa zama zile alikuwa na gari lake. Tusiwacheke. Wangapi kati yetu tumepigwa picha mbele ya pazia lililochorwa ndege, na safari yetu ndefu ilikuwa ya kutoka nyumbani kuja bweni?

Tangazo la biashara nalo lataka jicho kali. Mwaka 1898 kampuni ya Winton ya Marekani ilitangaza magari yake katika jarida la Scientific American kwa kuwashauri watu waachane na farasi na gharama za kumlisha na kumtunza. Halikuanza kwa kusifu mwendo wa kasi. Kwa hiyo tangazo hilo latufundisha pia juu ya taabu za mwenye farasi, si juu ya gari peke yake. Matangazo ya magari ya umeme yaliwalenga sana wanawake. Sababu ilikuwa hendeli. Gari la petroli liliwashwa kwa kuizungusha hendeli kwa nguvu, nayo ikirudi ghafla iliweza kumvunja mtu mkono. Cadillac ilipoweka stata ya umeme katika magari yake ya mwaka 1912, faida hiyo ya gari la umeme ilianza kutoweka.

Ford ilianza kuuza Model T mwaka 1908 kwa dola 850, na hadi uzalishaji ulipokoma mwaka 1927 yalikuwa yametengenezwa zaidi ya milioni 15. Gari likawa si ajabu tena, na matangazo yakabadilika. Mwaka 1923 kampuni ya Jordan ilitoa tangazo mashuhuri la msichana wa nyika za Magharibi ya Marekani, likazungumzia uhuru na upepo, na injini haikuelezwa kabisa. Aliyeuza chombo sasa aliuza ndoto.

Na sasa tuje kwetu. Tarehe 10 Agosti 1907, ofisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari lililotengenezwa Gaggenau, akikusudia kulikata bara la Afrika hadi pwani ya Atlantiki. Reli ya Dar es Salaam kwenda Morogoro ilikuwa bado haijafunguliwa, na vita vya Maji Maji vilikuwa ndiyo kwanza vinazimika. Gari liliharibika, likangoja vipuri kutoka Ujerumani, likavuka mito na jangwa la Kalahari, na likafika Swakopmund tarehe 1 Mei 1909, baada ya zaidi ya kilomita 9,000. Mwaka uliofuata Graetz alichapisha kitabu cha safari hiyo, chenye picha.

Mtazamaji huliangalia gari kwanza, kisha ofisa. Lakini safari ile haikuwa na vituo vya mafuta. Petroli ilitangulizwa njiani na wapagazi, mtu na mzigo wake, kama walivyobeba pembe na vitambaa kabla yake. Penye mto, gari lilivutwa kwa kamba. Penye mchanga na tope, lilisukumwa. Chombo kilichosifiwa kuwa kingempumzisha mpagazi kilifika Atlantiki kwa mabega ya mpagazi. Vitabu vya historia vinalo jina la Graetz, na vinalo jina la kiwanda. Wale walioshika kamba wameitwa wapagazi tu, kama sisi tulivyomwita mtu wetu Dereva.

Sisemi kwamba Graetz hakuthubutu jambo kubwa. Alithubutu. Nasema kwamba picha huchagua nani awe katikati, na maandishi ya chini huchagua nani awe na jina. Kwa hiyo, vijana, mkiletewa picha ya kale, ulizeni mambo matatu: nani aliyeipiga, alitaka kumwuzia nani, na ni nani aliye pembeni? Jibu la swali la tatu ndilo gumu, na mara nyingi ndilo historia yenyewe.

Kwa wazee wenzangu nina ombi. Mkutano ujao, kila mmoja aje na picha zake za siku za shule, na kwa penseli aandike nyuma majina ya wote waliomo: mpishi, mlinzi, utingo wa lori, mama aliyetuuzia maandazi getini. Na kama yuko anayelijua jina la dereva wetu, tafadhali amwandikie mhariri. Nafasi nyuma ya ile picha bado ipo.