Kiminini si Kimilili: namna ya kuandika lebo ya mzigo ufike kwa mwenyewe

Mwaka juzi, siku tisa kabla ya Idi, dada yangu alituma madera sita kutoka Mombasa kwa mteja wake wa bara. Lebo niliandika mimi, maana nyumbani husemwa nina mwandiko mzuri. Mteja alikuwa Kiminini. Mzigo ukashushwa Kimilili.

Kwa sisi wa Pwani majina hayo yanafanana kama pacha. Kwa wenyeji ni miji miwili mbalimbali. Kiminini iko kaunti ya Trans Nzoia, kwenye barabara itokayo Kitale kwenda Webuye. Kimilili iko kaunti ya Bungoma. Nilitumia kalamu ya wino hafifu, herufi zikabanana, n na l hazikutofautika. Kaunti sikuandika, na tarakimu moja ya simu haikusomeka. Madera yalimfikia mteja siku ya pili ya Idi, akayakataa, na ilikuwa haki yake. Dada akarudisha pesa, akalipa nauli ya mzigo kwenda na kurudi, na faida ya mwezi mzima ikaishia hapo.

Baadaye nikapata safari ya Kitale na Bungoma, nikapita kwenye ofisi mbili za vifurushi kuangalia mambo yanavyokwenda. Mhudumu mmoja alinionyesha rafu ya mizigo isiyo na wenyewe. Mingi haikuwa imeibwa wala kuharibika. Ilikosa mtu wa kupigiwa simu tu.

Kwa hivyo, ndugu msomaji unayeuza leso, mabuyu, halua au viungo kwa njia ya simu, haya ndiyo niliyojifunza. Msingi wake ni mmoja: lebo usimwandikie mteja wala wakala wako, hao wanakujua. Mwandikie hamali asiyekujua, anayeshusha mizigo usiku katika mji ulio zaidi ya kilomita 800 kutoka kwako.

Jina

Andika majina mawili au matatu kama yalivyo kwenye kitambulisho cha mpokeaji, kwa sababu kitambulisho ndicho atakachoulizwa dirishani. "Mama Brian" huenda ndilo jina ulilomhifadhia kwenye simu yako, lakini mhudumu hawezi kulilinganisha na kitambulisho.

Jina moja pia halitoshi. Wabukusu, ambao ni wengi Bungoma na Trans Nzoia, huwapa watoto majina kufuata majira: Wafula na Nafula ni wa wakati wa mvua, Nekesa ni wa mavuno, Simiyu ni wa kiangazi, Wanjala ni wa njaa. Kuandika "Nekesa, Bungoma" ni sawa na mtu wa bara kuandika "Fatma, Mombasa". Mzigo utabaki rafuni ukingoja Fatma yupi ajitokeze.

Mahali

Andika mji, kisha kaunti, kisha ofisi mzigo utakaposhukia, kisha alama inayojulikana. Tumia herufi kubwa. KIMININI na KIMILILI kwa herufi kubwa hazichanganyiki kirahisi, maana N na L hazifanani hata kidogo.

Kaunti usiiache, kwa sababu majina hujirudia. Majengo iko Mombasa, na kuna Majengo nyingine kaunti ya Vihiga kwenye barabara ya Kisumu kwenda Kakamega. Chepkube ni soko mjini Bungoma, na pia ni jina la mahali karibu na mpaka wa Uganda palipovuma kwa magendo ya kahawa miaka ya 1970. Na Trans Nzoia kuna mji uitwao Kwanza. Ukiandika "peleka Kwanza", hamali atadhani unamhimiza afanye haraka.

Muulize mteja mwenyewe jina la mahali linavyoandikwa, akutumie kwa maandishi, wala usilichukue kwa kulisikia kwenye simu. Mimi nililisikia.

Simu

Nambari ya simu ndiyo nyumba ya mteja, kwa sababu nyumba zetu nyingi hazina nambari. Ziwe tarakimu kumi kamili, zikiachwa nafasi baada ya kila tatu au nne ili zisomeke. Tangu nambari za kuanzia 01 ziingie, kosa dogo limekuwa kubwa: 7 iliyoandikwa vibaya ikasomwa 1 hugeuza 0711 kuwa 0111, na zote mbili zaweza kuwa nambari halali. Zamani simu ingekataa kuita. Sasa anapokea mtu mwingine. Ikate 7 kwa mstari mdogo katikati.

Weka nambari ya pili ya mpokeaji, ya jamaa yake au ya jirani, kwa ajili ya siku ambayo simu yake imezimika.

Anwani ya posta

Ukipitisha mzigo Posta, sanduku bila msimbo ni nusu ya anwani, kwa kuwa nambari za masanduku hujirudia kila mji. Kitale ni 30200, Bungoma ni 50200. Ya kwetu Pwani huanza na 8: Mombasa 80100, Malindi 80200, Lamu 80500. Kifurushi kilichosajiliwa hupewa nambari ya herufi mbili, tarakimu tisa, kisha KE. Mtumie mteja nambari hiyo siku hiyohiyo.

Ukitumia basi, sanduku la posta halina kazi. Basi halipeleki mzigo sandukuni, na anayesoma lebo atapotea kwenye maandishi yasiyomhusu.

Kilichomo

Taja kilichomo kwa ukweli na kwa ufupi: "nguo", "halua, chakula", "mafuta, yasilazwe". Wengi huficha ili walipe kidogo, kisha chupa ya mafuta ya nazi ikalaliwa na gunia la viazi. Thamani ya mzigo nayo itajwe kwenye risiti, maana ukipotea, risiti ndiyo itakayoulizwa. Vifurushi vikiwa vitatu, viandikwe "1 kati ya 3", "2 kati ya 3", "3 kati ya 3".

Kubandika

Bandika upande mpana, si kwenye pindo wala mahali kamba itakapopita. Funika kwa selotepu pana inayoonyesha, kwani huko juu mvua haina simile. Ukitumia katoni kuukuu, ng'oa lebo zote za zamani. Jina la mpokeaji liwe kubwa chini ya neno KWA, lako liwe dogo chini ya neno KUTOKA. Yakilingana, mzigo waweza kukurudia. Gunia halishiki gundi, basi shonea kipande cha kitambaa kilichoandikwa kwa maka. Na kila mzigo utie nakala ya pili ya lebo ndani.

Kabla ya kuukabidhi

Piga picha ya lebo, mtumie mteja, umwombe aisome yote na akujibu kuwa ni sawa. Ni kazi ya dakika mbili. Kama ningeifanya siku ile, mwenyewe angeona Kimilili kabla ya basi kuondoka Mombasa.

Lakini picha hiyo ni ya mteja peke yake. Nimeona wauzaji wakitandaza picha za mizigo kwenye WhatsApp na Facebook kujisifia biashara, majina na simu za watu zikiwa wazi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na hata pasingekuwa na sheria, simu ya mke wa mtu ni amana. Ziba maandishi ndipo utangaze.

Dada yangu anauza mpaka leo. Lebo sasa anaandika mwenyewe, kwa herufi kubwa, na mimi nimebakishiwa kazi ya kushika selotepu. Yule mteja wa Kiminini alirudi Ramadhani iliyofuata, akaagiza madera manne. Kabla ya kulipa aliomba kitu kimoja tu: atumiwe kwanza picha ya lebo.